Kabati la chuma la kujikinga na tornado: kuta safi, kagua sakafu yako

Bidhaa yenyewe ni chumba kidogo cha chuma cha kujificha tornado (upepo mkali wa kuzunguka) kinachofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gereji. Kinauzwa sana Oklahoma, Marekani, na majimbo jirani, ambako nyumba nyingi zimekaa juu ya zege tu, bila chumba cha chini. Hiki tulichokikagua ni cha mita 1.2 kwa 1.8, chuma cha milimita 6. Tunakipa nyota 4 kati ya 5.

Kwa kuta hatuna neno. Kiwango cha ICC 500, cha Marekani cha vyumba vya kujikinga na dhoruba, kinataka chumba kihimili upepo wa kilomita 402 kwa saa, na ubao wa kilo 6.8 uliofyatuliwa kwa kilomita 161 kwa saa usipenye. Chuo Kikuu cha Texas Tech, Lubbock, hufanya majaribio hayo kwa mzinga wa hewa. Dai ripoti ya mlango pia, maana mlango ndio huachia kwanza. Huu una bawaba 3 na makomeo 3, na unafunguka kwa ndani, kwa hiyo vifusi vikilundikana nje bado unatoka. Muuzaji akikwambia chumba "kimeidhinishwa na FEMA", shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, shtuka: FEMA hutoa miongozo, haiidhinishi bidhaa ya mtu.

Kazi iko sakafuni. Zege liwe na unene wa sentimita 10 hivi, lisiwe na ufa karibu na bolti. Tundu likiwa karibu mno na ukingo, zege humeguka na bolti hung'oka na kipande chake. Vumbi la kutoboa lisipopulizwa likatoka, bolti huzunguka tu bila kukaza. Nyumba nyingine, hasa za miaka ya karibuni, zina kebo za chuma zilizovutwa ndani ya zege; ukiikata moja, inaweza kuchomoka kwa nguvu ya kuua mtu. Fundi apime kwa mashine kabla ya kutoboa. Asiyeuliza habari za kebo, mwage.

Wanasema chumba kinaingia watu 8. Kwa hesabu ya mita za mraba 0.28 kwa mtu, ni karibu sawa. Lakini weka bibi kwenye kiti, watoto, maji na kofia ngumu: watano, basi.

Kuna wanaopenda shimo la kujificha la chini ya gari, lenye mfuniko wa kusukuma. Kwa mzee wa magoti, ngazi zile ni adhabu, na mpira wa mfuniko ukichakaa maji huingia. Mvua ya dhoruba hizi si mchezo: tarehe 31 Mei 2013, Oklahoma City, watu waliojificha kwenye mitaro walikufa maji.

Ukishafunga, sajili mahali kilipo. Miji mingi ya Oklahoma huweka orodha ili waokoaji wajue pa kufukua. Na kabla ya kulipa, ulizia mpango wa jimbo wa SoonerSafe, unaorudisha sehemu ya gharama kwa wanaochaguliwa kwa bahati nasibu. Subiri uchaguliwe ndipo ununue.