Pima Maji Ndogo za Upinde: Zipime Kwanza, Ndipo Zikupimie

Seti yenyewe ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja na kichupa chake cha kioevu chenye povu ndani. Kimoja kinabanwa kwenye upote, yaani uzi wa upinde, na kingine juu ya mshale. Inauzwa kwa majina chungu nzima lakini umbo ni lile lile, na bei haifiki dola 20 za Marekani. Mwenye upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu na kebo, anayetaka kuuweka sawa mwenyewe nyumbani aanze na hii kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ila ikitoka kwenye pakiti bado haijastahili kuaminiwa.

Fundi wa kujenga akipewa pima maji ngeni huisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Hapa ni vivyo hivyo. Bana mshale ulionyooka kwenye jiliwa, weka kipande cha mshale, kisha tia alama ya kalamu kwenye kichupa pale povu lilipotulia. Kitoe, kigeuze mbele iwe nyuma, kirudishe mahali pale pale, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo ilipo sifuri yake ya kweli, hata kama mistari ya kiwandani inasema vingine. Kipande cha upote nacho kizungushe nusu duara kuuzunguka upote, ufanye hivyo hivyo. Usiruke hatua hii. Kutoka noki ya mshale, yaani mkia unaoshika upote, hadi kwenye kitegemeo chake ni kama sentimita 19 upinde ukiwa haujavutwa, kwa hiyo pima maji iliyokosea digrii 1 itakufanya ufunge kitanzi cha upote, kile kinachoshikilia noki, zaidi ya milimita 3 kutoka pale kilipotakiwa. Mshale utaruka ukipiga mkia, nawe utahangaika kusogeza kitegemeo ambacho hakina kosa.

Kazi ya kwanza, kutafuta mahali pa kufunga kitanzi, ndiyo seti hii inaifanya vizuri kuliko zote. Upinde ukiwa kwenye jiliwa, bana kipande cha upote kikiangalia mbele, inamisha upinde mpaka povu likae kati. Kizungushe robo duara, sasa kitakuonyesha kama upote umeegemea kushoto au kulia. Rekebisha, kisha rudia upande wa kwanza, maana ukigusa huku unaharibu kule. Upote ukishasimama wima pande zote mbili, weka mshale na kipande chake. Povu la mshale likiwa kati, mshale unaukata upote kwa digrii 90, na hapo ni pazuri pa kuanzia. Wengine huinua noki kidogo, hadi milimita 3, na hawana makosa. Angalia tu kipande kisikae juu ya fundo au mahali nyuzi za kuzungushia zimejikunja: kinashika sehemu fupi mno ya upote, kikipanda juu ya uvimbe mdogo tu kinalala upande.

Kwa sababu hiyo, unapofika kwenye kilengeo, yaani kifaa cha kulengea chenye pini na povu lake, kiache kipande cha upote mezani utundike timazi. Uzi mwembamba na nati nzito, umbali wa mita 2 mbele ya upinde, ndani ya nyumba pasipo upepo. Simama nyuma, funga jicho moja, uufanye upote ufunike uzi wa timazi kutoka juu hadi chini. Urefu wote wa upote unakuwa kipimo chako. Timazi haigharimu kitu, na kwa kazi hii inakipita kipande cha plastiki kwa mbali.

Upote ukiwa wima, pandisha na kushusha kilengeo kwenye reli yake. Pini ikiuacha uzi wa timazi inaposhuka, reli imeinama, na huo ndio mhimili wa kwanza. Reli ikinyooka, legeza skrubu za mhimili wa pili, zungusha nyumba ya kilengeo mpaka povu lake likae kati, kisha kaza. Kasoro huingia hapo kwenye kukaza: skrubu inapofika mwisho huvuta nyumba pamoja nayo. Kaza hizo mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku jicho likiwa kwenye povu.

Faida yake inapimika. Mshale unaotoka kwa mita 85 kwa sekunde huanguka karibu mita 1.75 chini ya mstari ulikoelekezwa ufikapo mita 50. Upinde ukiegemea digrii 2, anguko hilo linakupeleka pembeni karibu sentimita 6. Kwenye shabaha ya kompaundi ya mita 50 duara la 10 lina kipenyo cha sentimita 8, kwa hiyo umelenga katikati na umepata 9. Kwenye mashindano kompaundi ndiyo inayoruhusiwa pima maji kwenye kilengeo. Kwa rikavu, upinde usio na magurudumu, ni marufuku. Shehzana Anwar, mpiga rikavu aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alishindana bila povu lolote la kumwongoza.

Mhimili wa tatu seti hii haiugusi, hata kama pakiti inadai inaugusa. Ni mzunguko wa nyumba ya kilengeo kama mlango kwenye bawaba, na uwanja tambarare unauficha kabisa. Kosa linajitokeza unapolenga mlimani au bondeni: nyumba iliyogeuka digrii 5 itakufanya uuinamishe upinde digrii 2.5 unapolenga kwenye mteremko wa digrii 30, na povu litakuambia uko sawa. Kuupima, inamisha upinde mbele kwenye jiliwa huku upote ukiendelea kuufunika uzi wa timazi, kisha uinamishe nyuma. Povu likikimbilia upande mmoja kote kuwili, rudi mhimili wa pili, hukumaliza. Likienda kulia huku na kushoto kule, ni wa tatu. Kanuni ya kusahihisha ni nyepesi: upinde ukielekea chini, upande povu linakokimbilia ndio ulio karibu mno nawe, usukume mbele. Vilengeo vingi vya bei ya chini havina skrubu ya mhimili huu. Uliza kabla ya kulipa.

Halafu hakiki ukiwa umeuvuta upinde mpaka mwisho, kwa sababu mkono wako unaupinda kidogo kwa namna ambayo jiliwa haiwezi. Fanya hivyo ukiwa na mshale, mbele ya shabaha inayoweza kuuzuia ukichomoka. Upinde wa kompaundi ukiachiliwa mtupu, nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde, zile mbao zake mbili zinazopinda, na kwenye kamu, yaani magurudumu yake, na huwa havitoki salama.

Kama una pesa ya ziada, itie kwenye jiliwa. Za plastiki zenye kiungo kimoja cha mpira huteleza taratibu chini ya uzito wa upinde, nao una kama kilo 2. Unasawazisha, unageuka kuchukua ufunguo, unarudi povu limehama. Tafuta yenye skrubu mbili za kusogeza kidogo kidogo, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, na meno yaliyovikwa mpira. Ibane mikono ya upinde kwa nguvu ya vidole tu, mbali na kamu na kebo.

Na funguo za pembe sita. Vifaa vya Marekani hutumia inchi, maduka yetu ya vifaa yamejaa za milimita. Ufunguo wa milimita 2 unaingia vizuri kwenye tundu la inchi 5/64, lakini kwenye la 3/32, ambalo ni milimita 2.38, unacheza na kula pembe za skrubu, na wa 2.5 hauingii. Seti nyingi hazina ufunguo hata mmoja. Nunua wa inchi 3/32 pamoja nayo, na tone la gundi ya bluu ya nati kwa skrubu za mhimili wa pili na wa tatu, kisha piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye nyumba yake. Mstari ukikatika, kilengeo kimesogea.