Wakala wa kuuza ndege zilizotumika, Arusha: kazi ya nyaraka ilivyofanyika

Kampuni yetu ya kusafirisha watalii iliamua kuuza Cessna U206G yake, tukamkabidhi kazi hiyo wakala mmoja mwenye ofisi mjini Arusha. Ninayoandika hapa yanahusu hasa namna alivyoandaa taarifa za ndege kabla ya kuitangaza.

Cessna ilisimamisha utengenezaji wa 206 mwaka 1986 na kuurejesha mwaka 1998, kwa hiyo U206G zinazouzwa leo zina umri mkubwa, na mnunuzi makini husoma kumbukumbu zake kabla hajaitazama rangi. Wakala huyu alikataa kutangaza chochote mpaka vitabu vya matengenezo ya bodi, injini na rafadha vikaguliwe ukurasa kwa ukurasa. Palipoonekana kwamba jumla ya saa za kuruka ilikuwa kubwa kuliko ile iliyosomeka kwenye mita, alimtaka fundi mwenye leseni aeleze kwa maandishi kwamba mita iliwahi kubadilishwa na mpya ikaanzia sifuri, kisha akaambatisha ukurasa unaothibitisha badiliko hilo.

Kwa injini ya aina hii, Continental IO-520-F, muda unaopendekezwa kabla ya kufumuliwa na kujengwa upya ni saa 1,700 au miaka 12, kutegemea kipi kinatangulia. Matangazo mengi niliyosoma hutaja saa na kunyamazia miaka, ilhali injini iliyokaa bila kuruka huweza kuliwa na kutu ndani. Yeye alitaja vyote viwili, akaongeza mgandamizo wa kila silinda kati ya sita pamoja na tarehe ya kipimo.

Lililonivutia zaidi ni msimamo wake kuhusu mguu wa mbele, ambao uliwahi kuharibika kwenye kiwanja cha changarawe. Wenzangu wawili walipendekeza jambo hilo lisitajwe kwa kuwa lilikwisha kutengenezwa. Alisisitiza liandikwe, likiwa na picha na hati za ukarabati, nami naamini alikuwa sahihi, maana ukaguzi wa mnunuzi ungelifichua na kila ukurasa mwingine ungetiliwa shaka.

Picha za ndani zilikuwa hafifu mno, na dashibodi haikusomeka. Kasoro kubwa zaidi ilihusu usajili. Mnunuzi alitoka Kenya, na Mkataba wa Chicago wa 1944 hauruhusu ndege kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja, hivyo ilibidi ifutwe kwanza kwenye daftari la Tanzania. Kwa ufutaji huo ilihitajika barua ya benki ya kuthibitisha kwamba ndege haidaiwi, nayo haikuwamo kwenye orodha yake ya nyaraka, tukaitafuta wenyewe mauzo yakiwa yameshaanza, na makabidhiano yakachelewa.

Hata hivyo, ada yake ilistahili. Mwenye ndege kongwe amtafute mapema, kabla ya kugharimia rangi mpya, na adai barua hiyo ya benki iingizwe kwenye orodha tangu mwanzo.