Snokeli ya Watamu kumtafuta taa wa madoa ya buluu: nyota nne kwa tano

Kama unaenda Watamu, pwani ya Kenya, kwa snokeli (kuogelea na maski na bomba la kupumulia) na shida yako hasa ni taa, yule samaki bapa, mdogo wa manjano mwenye madoa ya buluu, usikubali mtu wa boti akupangie saa kabla hujamuuliza maji yanaanza kujaa saa ngapi. Mimi huduma hii nimeipenda kwa sababu hiyo kwanza. Boti nyingi zinatoka maji yakiwa yamekupwa kabisa kwa vile ndio wakati wa kuona matumbawe vizuri, na ni kweli samaki unawaona wengi, lakini taa wakati huo ameshajificha chini ya mwamba na ukibahatika utaona kipande cha mkia tu. Nahodha wetu akasema hapana, tungoje kidogo, maji yakianza kurudi ndio wanatoka kwenda kula kwenye mchanga wa kina kifupi. Tukangoja. Wenzangu wengine walinung'unika, jua lilikuwa kali, lakini mzee alijua anachofanya.

Boti ni ya sakafu ya kioo, ya kawaida tu, kivuli kipo, majaketi ya kuokolea yapo ya kutosha hata ya watoto. Bei tuliongea ufukweni tukakubaliana shilingi elfu mbili kwa kila mtu, na kiingilio cha parki ya bahari unalipa mwenyewe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, sio pesa taslimu, kwa hivyo maliza mambo ya simu ukiwa nchi kavu. Hii parki imehifadhiwa tangu 1968 na ndani yake hakuna kuvua, na utaona tofauti ukizama tu, samaki hawana wasiwasi na watu.

Sasa tuje kwa taa mwenyewe. Kijana aliyeingia majini na sisi alimwona kabla yetu sote, akanyoosha mkono tu, hakupiga kelele. Mimi nikaanza kupiga miguu nimfikie, akanishika begani, tulipotoa vichwa akaniambia, "Dada, usimfuate. Kaa hapo hapo juu, akiona huna haja naye atatulia." Na kweli akatulia. Alikuwa pembeni ya jiwe la tumbawe, mviringo, mwili hauzidi upana wa sahani kubwa (wanafika kama sentimita 35 hivi, hawakui sana), macho mawili yametokeza juu yanazunguka, na nyuma ya kila jicho kuna tundu linafunguka na kufunga, kufunguka na kufunga. Nikabaki nalitazama hilo tundu. Baadaye kwenye boti tukaelezwa kwamba ndipo anapovutia maji ya kupumua akiwa amelala chini, kwa sababu mdomo wake na matamvua yote yako upande wa tumbo, angevuta kwa mdomo angevuta mchanga. Halafu akaondoka, na jinsi anavyoondoka jamani, kingo za mwili zinapiga mawimbi kama pindo la leso kwenye upepo, hakuna haraka, na mkia wenye mistari miwili ya buluu unafuata nyuma.

Nilichofurahia ni kwamba vijana hawa wanaeleza, hawaonyeshi tu na kwenda. Unajua huyu ni jamaa wa papa, hana mfupa hata mmoja, mwili wote umeshikwa na gegedu, ile kitu ngumu inayopindika kama ya sikio. Na kwa vile macho yako juu na mdomo uko chini, chakula chake hakioni anapokila, anakitafuta kwa harufu na kwa vitundu vidogo vidogo vya ngozi vinavyohisi umeme hafifu unaotoka kwa kaa, kamba, minyoo na kome waliojizika. Tulionyeshwa vishimo kwenye mchanga, nikadhani ni nyayo za mtu, kumbe taa alikuwa hapo anachimba. Hatagi mayai, anazaa watoto, mpaka saba kwa mara moja, na wanatoka tumboni na madoa yao ya buluu tayari.

Mmoja wetu akaonyesha mwingine aliyejifukia mchangani akasema huyu hapa tena, akasahihishwa vizuri bila kuaibishwa. Yule wa kujifukia ni taa mwingine, naye ana madoa ya buluu lakini hayajakolea, mwili wake una pembe, ana utepe mweusi unaopita machoni na mkia wa pingili nyeusi na nyeupe. Wa kwetu huyu wa mistari ya mkia hapendi kujifukia, anapenda kulala chini ya ukingo wa mwamba. Kwa mtu anayetembea majini tofauti hii ni kubwa, maana wa kujifukia ndiye utakayemkanyaga. Tulifundishwa kuburuza miguu, usiinue na kukanyaga, taa akisikia mchanga unasogea anaondoka mwenyewe. Wote wawili wana mwiba wa sumu mkiani, una meno kando, na hawautumii mpaka waone wamebanwa.

Na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Nikauliza, mtu akichomwa hapa tunafanyaje? Jibu likawa sahihi kabisa, unatia mguu kwenye maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, sumu yake inavunjwa na joto na maumivu yanapungua, kisha hospitali, na mwiba ukiingia kifuani au tumboni usiuchomoe. Sawa. Sasa chupa ya chai ya maji moto iko wapi kwenye boti? Haikuwepo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta na bendeji basi. Jamani chupa moja ya maji moto si gharama, wekeni, mnajua mnachokwenda kukitafuta. Na maski, yangu ilikuwa inaingiza maji upande mmoja, nikabadilishiwa, ya pili ikawa nzuri, lakini dakika zangu zimekwenda na taa hangoji mtu.

Ningewapa pongezi nyingine kwa mkate. Boti ya pili iliyokuwa karibu na sisi ilikuwa inamwaga vipande vya mkate ili samaki wajazane watu wapige picha, wa kwetu walikataa mtoto mmoja wa kikundi chetu alipotaka, wakamweleza kwa upole kwamba samaki wa mwamba wana kazi yao ya kula mwani, wakishiba mkate kazi hiyo nani ataifanya. Mtoto akaelewa, mamake pia.

Nendeni kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, maji ni meupe na bahari imelala. Kusi ikivuma kuna siku boti hazitoki na zikitoka maji yana ukungu huoni kitu. Asiyejua kuogelea anaweza kubaki juu kwenye kioo, ila taa kwa kioo ni bahati sana kwa sababu ya hizo tabia zake za kukaa chini ya mawe, kwa hivyo kama unaweza kuingia, ingia, na vaa raba.