Manifodi za Pembe za Kondoo kwa Hotirodi: Chuma cha Miaka ya Sitini au Kopi Mpya?

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Mezani leo kuna manifodi mbili za ekzosi, yaani vyuma vinavyokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba, umbo moja, upande mmoja wa injini. Hii yenye rangi ya kutu ilisubiwa, yaani ilimiminwa kwenye kalibu, miaka ya sitini kwa ajili ya Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Hii nyeusi ni kopi mpya, imetoka kwenye boksi mwezi uliopita. Zote mbili nimezifunga kwenye injini ile ile na gari lile lile, nikaendesha, nikafungua tena. Kwa hiyo ninayowaambia leo yametoka mikononi mwangu.

Kwanza jambo moja la lugha, maana najua wengi mnaonitazama mko Dar, Nairobi, Mombasa. Kwetu dukani unaulizwa: unataka orijino au feki? Hapa Texas kuna mlango wa tatu. Kopi hii inauzwa waziwazi kama kopi. Anayeitengeneza anakwambia nimeisubu upya kwa kufuata ile ya kiwandani, na kuna zilizotengenezwa kwa kibali cha General Motors yenyewe. Ukiiita feki unaikosea. Ukiiamini kwa sababu tu ni mpya, nayo itakukosea wewe.

Gari lenyewe ni lile la nyuma yangu, Ford ya 1932, wazi juu, madgadi zimevuliwa. Hiyo ndiyo hotirodi: gari kuukuu linavuliwa uzito, linawekewa injini yenye nguvu kuliko ile lililozaliwa nayo. Vijana wa California walikuwa wakikimbiza magari ya namna hii kwenye maziwa makavu, yaani maziwa yaliyokauka maji, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Chama chao cha mbio, SCTA, kilianzishwa 1937, na 1949 wakaanza kukimbia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville. Walikuwa wanaokota vipuri kwenye majalala ya magari, kwa sababu ndivyo walivyoviweza. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kisha 1955 Chevrolet wakatoa V8 yao ndogo, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 265. Nyepesi, fupi, bei nafuu. Ikakua hadi 283, na 1962 ikafika 327, ndiyo niliyonayo mimi. Na kwenye injini hii kuna manifodi ambazo Wamarekani huziita pembe za kondoo dume. Nasogeza kamera muone sababu. Moshi wa silinda za pembeni unapanda, unapinda kama pembe, unashuka katikati, unatokea chini kwenye flenji ya studi tatu, pale bomba linapofungwa. Zinakaa karibu na bloku, hazijatanuka kwenda kwenye chesesi. Kwenye Ford ya 1932 hilo ni jambo kubwa, kwa sababu shafti ya usukani inapita papo hapo upande wa kushoto. Ekzosi za mabomba marefu ungezifunga, halafu ungekaa unabonda bomba kwa nyundo ili usukani uzunguke. Mimi hilo sitaki.

Kuna anayesema manifodi ya chuma cha kusubu ni kwa ajili ya magari ya kwenda sokoni. Corvette ya 1964 yenye injini ya 327 na mfumo wa kupuliza petroli ilikuwa na nguvu za farasi 375 kwa kipimo cha wakati ule, na ilikuwa inapumulia kwenye pembe za kondoo kama hizi. Kama ziliitosha ile, zitatosha kwenye gari lako la Jumamosi.

Ila kuna pembe na pembe. Nyingi utakazokutana nazo, za magari ya kawaida na pikapu, zina tundu la kutokea la inchi 2. Zile za Corvette zenye nguvu zina inchi 2.5. Fanya hesabu: tundu la inchi 2 lina eneo la inchi za mraba 3.14, la 2.5 lina 4.91. Nusu inchi tu, lakini nafasi ya moshi imezidi kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo bei inapopaa, maana za 2.5 wanazitaka watu wawili: sisi wa hotirodi, na wale wanaorudisha Corvette zao kama zilivyotoka kiwandani.

Sasa hii ya zamani. Niliinunua na mwenzake kwenye soko la vipuri vikuukuu, kwa mtu aliyeniapia kwamba ni safi. Zilikuwa zimepakwa rangi ya kijivu nzito, zinapendeza. Nikasoma nambari ya kusubiwa, tarakimu 7, nikaona ndiyo yenyewe, nikalipa. Nikafunga. Asubuhi ya kwanza nimewasha injini ikiwa baridi, nikasikia upande wa kulia: tik, tik, tik, tik. Ukikanyaga mafuta inaenda mbio na injini. Baada ya dakika kama tano, kimya. Nikajidanganya kwamba ni tapeti, kile kipande kinachosukuma vali. Siyo tapeti. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, sauti inapotea. Kikipoa, ufa unafunguka tena.

Mzee mmoja fundi wa kukereza, karakana yake haiko mbali na hapa, ndiye aliyenionyesha jambo ambalo nilipaswa kulifanya pale sokoni. Sikilizeni. Naitundika kwa waya, haigusi kitu. Nagonga kwa nyundo ndogo. Hii kopi kwanza: tiiing. Mmesikia inavyolia kama kengele? Sasa hii ya zamani: tap. Imekata. Chuma kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Ukienda kununua, beba kipande cha waya na nyundo ndogo mfukoni. Muuzaji akikataa usigonge, umeshapata jibu lako.

Kuuona ufa wenyewe, tumia mafuta ya taa na chaki. Osha chuma, rangi yote itoke. Paka mafuta ya taa, yaache yapenye, kisha futa kwa kitambaa hadi pakavu kabisa. Paka chaki nyeupe juu yake. Subiri. Oneni hapa, huu mstari mweusi unaochomoza kwenye chaki, kutoka tundu la boliti la mwisho hadi mdomo wa porti, tundu la kuingilia moshi. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanarudi juu na chaki inayanywa. Mwenye Land Rover ya zamani kule Tanga au Nyeri, njia ni hii hii, chuma ni chuma.

Ufa wa manifodi si wa kufumbia macho. Moshi unaovuja pale una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na kwenye gari lenye paa inaingia ulipokaa wewe na watoto. Pia unachoma waya za plagi.

Kuchomelea inawezekana, lakini si kazi ya kuwasha mashine na kupiga. Chuma cha kusubu lazima ukipashe moto kizima kwanza, uchomelee kwa elektrodi ya nikeli, kisha ukipooze polepole sana, ukifukie kwenye majivu au mchanga mkavu. Ukikipooza haraka kinapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Hii yangu ufa umepita kwenye tundu la boliti, mahali pa kubanwa, na mzee akanishauri nisiihangaikie. Nilimsikiliza.

Mwenzake wa kushoto ulilia vizuri. Lakini kulia siyo kunyooka. Weka rula ya chuma juu ya uso wote wa porti, kama hivi, uangalie mwanga unaopita chini yake, halafu pitisha fila geji, zile bamba nyembamba za kupimia nafasi. Wa kwangu katikati ulikuwa na nusu milimita. Sababu yake ni moto. Chuma cha urefu wa sentimita 45 kikipanda joto kwa digrii 500 kinarefuka kama milimita 2.5, na kinafanya hivyo kila unapowasha, kwa miaka sitini, huku kimebanwa na boliti. Lazima kipinde. Nikaupeleka kuskimu, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Halafu studi za flenji, mbili zilikatikia ndani, zikatolewa kwa moto na subira. Nilipojumlisha bei ya kununua, skimu na studi, chuma cha zamani kimoja kilikuwa kimefikia bei ya kopi mpya. Na bado upande wa kulia sikuwa nao.

Ndipo nikanunua kopi, pande zote mbili.

Kwa macho, kazi nzuri. Uso wa porti umenyooka. Rula nimeweka, fila geji nyembamba kabisa haikupita. Flenji imekerezwa vizuri. Lakini ingizeni kidole hapa kwenye porti ya mwisho, taratibu, msijikate. Kuna ukingo mwembamba wa chuma ndani, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye manifodi ya kushoto ulikuwa umesimama kama milimita 3 katikati ya njia ya moshi. Nimeusaga kwa mashine ya mkono, dakika ishirini. Hukuti hili kwenye ile ya zamani, ndani yake ni laini kama bakuli.

La pili, chukua gasketi, iweke kwenye uso, pitisha penseli kwenye matundu. Porti mbili za kopi yangu zimehama upande kidogo, ina maana kiini cha mchanga, kile kinachoacha uwazi wa ndani, kilisogea walipomimina chuma. Moja ilizidi ukingo wa gasketi. Hiyo nayo nimeisawazisha. Ingekuwa imehama kiasi cha kula ukingo wa kubania, ningeirudisha dukani siku ile ile. Kwa hiyo pima kabla hujapaka rangi, kwa sababu ukishapaka hawapokei.

La tatu ni nyuzi. Pitisha tapu ya inchi 3/8, kifaa cha kukatia nyuzi, kwenye kila tundu la studi. Mbili zilikuwa na mabaki ya chuma, na hapo ndipo studi mpya inapoharibikia. Na la nne, angalia masikio. Baadhi ya pembe za kondoo zina masikio ya kufungia dainamo au alteneta, baadhi hazina, na kopi nyingine zina sikio lisilotobolewa. Kama alteneta yako inaning'inia hapo, uliza kabla ya kulipa.

Kuhusu nambari. Ile ya zamani, ukiona pia alama ya tarehe, inasomeka hivi: herufi ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 15 4 ni tarehe 15 Machi, 1964. Mwenye Corvette ya 1964 anaihitaji tarehe hiyo ikubaliane na gari lake, na yuko tayari kulipa. Lakini kuna kopi zenye nambari ile ile ya tarakimu 7. Nambari peke yake si ushahidi, na usikubali kulipia bei ya orijino kwa kuonyeshwa nambari.

Basi mimi nasimama wapi? Kwa hotirodi nanunua kopi ya inchi 2.5, na sina wasiwasi. Ford ya 1932 haikuzaliwa na injini ya Chevrolet. Hakuna jaji wa maonyesho ya magari atakayeinama kusoma tarehe ya manifodi yangu. Bei kubwa ya chuma cha Corvette ni bei ya ile nambari, na nambari hiyo kwenye gari langu haina kazi yoyote, wakati kuna mtu ana Corvette imesimama inaisubiri. Wale vijana wa maziwa makavu walichukua cha jalalani kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi na kilifanya kazi. Leo cha bei rahisi kinachofanya kazi kiko kwenye boksi. Kama mfuko wako ni mdogo zaidi, tafuta za zamani za inchi 2 za pikapu, zipo nyingi, zigonge, zipime, zifunge. Kwa injini isiyo na makuu zinatosha. Na ukibahatika kupata jozi ya 2.5 nzima, imenyooka, inalia, kwa bei ya kirafiki, chukua, chuma chake ni kizuri kweli. Lakini usiifukuzie.

Twende kwenye kufunga. Boliti za katikati zikaze kwa pauni-futi 30, kipimo cha nguvu ya kukaza, za pembeni 20. Usizilinganishe. Za pembeni zinaachiwa kidogo ili chuma kikirefuka kiteleze, na ndiyo maana matundu ya pembeni yana upana wa ziada. Ukizikaza zote 30 umeshaanza kutengeneza ule ufa niliowaonyesha kwenye chaki. Anza katikati, nenda nje, raundi mbili au tatu. Kiwandani mara nyingi walifunga bila gasketi, chuma kwa chuma. Mimi nimeweka gasketi nyembamba kwa sababu hedi zangu, vile vichwa vya injini ambako manifodi inafungwa, ni za zamani.

Mara ya kwanza kopi itatoa moshi kwa nje, ni mafuta ya kuzuia kutu yanaungua, msishtuke. Iache ipate moto, zima, ipoe kabisa, kaza tena kwa vipimo vile vile.

Baada ya kuwaonyesha mezani, kopi nimeirudisha kwenye injini, nikaikaza tena, na imelala usiku kucha. Gusa, baridi kabisa. Nawasha sasa hivi, nisogeze maikrofoni upande wa kulia, pale ilipokuwa inapiga tik tik. Sikilizeni na nyie.