TAHADHARI: Anayeuza kamera ya sayari "iliyotumika mara mbili tu" ni tapeli

Siku tatu nimenyamaza kwa aibu. Aibu imeniisha, imebaki hasira. Kuna mtu anauza kamera ya kupigia picha sayari, "imetumika mara mbili tu, nauza kwa sababu ya safari", tangazo lina picha nne na ya mwisho ni Zohali. Msimtumie hela. Amenipiga mimi, mimi ninayewakaripia kila siku mnaponionyesha vidarubini vilivyoandikwa kwenye boksi "inakuza mara 675". Chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Mnajua nimehangaika tangu kamera yangu ya zamani ilipokufa kwa umande. Nilikuwa natafuta yenye sensa (kile kichipu kinachopokea mwanga) ya IMX462, basi. Nikamwandikia nikijua nitajibiwa na mtu wa "bei ya mwisho ndiyo hiyo, unachukua huchukui?" Wala. Swali lake la kwanza lilikuwa: darubini yako f ngapi (yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa kioo)? Nikamwambia ni kioo cha milimita 200, f/5. Akajibu palepale kwamba pikseli za sensa hiyo ni mikroni 2.9, zidisha kwa tano unapata 14.5, hiyo ndiyo f unayoitafuta, kwa hiyo weka Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara tatu utakaa f/15 na hutahitaji kitu kingine. Jamani, nilijisikia nimempata ndugu. Akaongeza kwamba video ya Mshtarii nisiizidishe dakika mbili tatu, kwa kuwa sayari ile inajizungusha chini ya saa 10 na mawingu yake yataburutika kwenye picha. Yote ni kweli tupu. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? Tapeli niliyezoea kumwogopa hajui hata Barlow ni nini. Huyu anajua kuzidisha.

Lakini kilichonimaliza ni simu ya video. Mwenyewe ndiye aliyependekeza, "ili roho yako itulie". Saa saba usiku akanipigia. Giza, mbwa anabweka mahali fulani, yeye anakohoa kohoa kwa baridi. Akageuza simu nikaiona darubini yake, limbomba leusi limekaa kwenye sanduku la mbao, na kamera imechomekwa, kitaa chekundu kinawaka. "Hii ni ya kusukuma kwa mkono," akasema, "haina mota, ndiyo maana nauza kamera ninunue stendi ya maana." Kisha akaielekeza simu kwenye laptopu, na hapo ndipo nilipokwisha. Mshtarii iko katikati ya skrini, inatetemeka kama sarafu iliyo chini ya maji yanayotiririka. Ile mikanda miwili ya kahawia. Doa Jekundu, ile dhoruba yake kubwa, linachungulia ukingoni. Akasema, "Hewa ya leo si mbaya sana, ngoja niguse fokasi," akanyoosha mkono gizani, picha ikalainika kidogo, ikarudi kuwa kali. Mimi huku nasema mashallah. Nilisema mashallah kwa sauti mpaka mke wangu akaamka kuuliza kulikoni.

Dakika sita tumeongea na Mshtarii imetulia pale pale katikati. Kumbukeni hilo.

Hela nikatuma kabla hakujapambazuka. Alisema kuna mwingine anakuja nazo asubuhi, na tukilipana kupitia mfumo wa soko tutakatwa makato bure, bora tumalizane wenyewe kwa wenyewe. Nikatuma yote. Sina la kujitetea hapo, ila ningeombwa hata figo usiku ule ningefikiria.

Mzigo ulifika, hilo nalo lilinizidishia imani. Ganda jekundu la alumini, uzito wake, waya wake, kila kitu. Nikawaamsha watu wote wa nyumbani saa tisa usiku, nikawapanga uani na mablanketi kama wanangoja harusi. Nikaanza na hotuba, jinsi mwaka 2009 Anthony Wesley kule Australia alivyoliona kovu jeusi kwenye Mshtarii akiwa na darubini yake ya nyumbani, kitu kimeigonga sayari na wenye vyombo vikubwa wakaambiwa na yeye. Ndivyo nilivyokuwa nimejipandisha. Nikafungua FireCapture, programu ya kurekodi sayari, kamera haipo kwenye orodha. Nikahangaika na programu za kuiunganisha kamera na kompyuta nusu saa, mwisho nikaipata kama kamera ya kawaida tu ya USB. Upana pikseli 640, fremu 30 kwa sekunde, tena hizo 30 zinakatika katika. Nikapachika hivyo hivyo. Mwanangu akainama kwenye skrini, akatazama sana, akauliza: "Baba, mbona Mshtarii ina vigae?"

Ina vigae kweli. Miraba miraba, picha imebanwa na kuminywa hadi mikanda imekuwa sakafu ya bafu. Asubuhi nikafungua skrubu nne. Ndani ya ganda kuna kijibao cha saketi cha webukamu ya ofisini, kimeshikizwa na gundi ya moto, uzi wa gundi bado unaning'inia. Hata kuukata hakuona haja. Na webukamu siidharau, wazee wetu wa kazi hii miaka ya 2000 walipiga sayari nzuri sana kwa webukamu wakarundika fremu moja moja mpaka ikatoka picha. Lakini walijua wameshika nini, na hawakuuziwa kwa bei ya IMX462.

Nimempigia, kanizuia kila mahali. Mtu huyu awekwe ndani. Si faini, ndani kabisa, na anyang'anywe hiyo darubini yake, kama hata ni yake. Ninazo jumbe zote, nimezipeleka panapohusika, na sitaacha. Kinachoniuma ni kwamba mtu mwenye akili ya kuijua hesabu ile ameamua kuitumia kuwavua watu nguo. Angekuja tu tukae uani tupige sayari, ningempikia chai mwenyewe.

Haya, dalili, kabla sijasahau tena maana hasira inanipeleka. Darubini isiyo na mota haiwezi kuishikilia Mshtarii katikati dakika sita. Dunia inazunguka! Kwa f/15 kwenye kioo kama changu sayari inaivuka sensa nzima kwa nusu dakika hivi, imekwenda. Niliyoyaona yalikuwa video ya zamani, inachezwa, tena labda si yake. Ningemwambia tu "isukume kidogo darubini" mchezo ungeishia hapo. Kingine, ile Zohali ya kwenye tangazo, aliyosema kaipiga wiki iliyopita kwa kamera hiyo hiyo. Pete ziko wazi kama sahani! Mwaka 2025! Mwezi wa tatu zilitugeukia ubavu, hata baadaye zimekuwa kama uzi tu. Upana ule ni wa 2017. Mimi nimekesha mwaka mzima nikilalamika kwamba pete zimepotea, halafu nimeitazama picha ile nikaisifu. Tena nikamwomba anieleze aliichakata vipi.

Halafu sababu ya kuuza, safari, ikageuka stendi, sikushtuka. Ombeni awaonyeshe programu ikiitaja kamera kwa jina, na fremu ngapi kwa sekunde, moja kwa moja, huku anaisogeza darubini. Mengine mtajiongeza, mimi kichwa kimechoka.

Leo asubuhi tangazo limerudi kwa jina jingine, Zohali ile ile, mara mbili tu ile ile. Na wewe uliyeniambia juzi "kuna jamaa nimempata, anajua sana", nijibu. Nimekupigia mara nne. Usilipe kabla hatujaongea.