Kibanda cha muvi pale Mwaloni: huduma fresh, ila flash ilinitoa jasho

Kama unaenda visiwani na hujajaza memori kadi, pita kwanza Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la Mwanza. Kuna kibanda cha muvi pembeni kidogo ya kwenye dagaa, jina sitaji ila utakijua kwa spika iliyopasuka. Mi nafata dagaa Ukerewe na pale ni mteja kama mwaka wa tatu sasa.

Muvi moja mia tano, sizoni nzima buku mpaka buku mbili inategemea na ukubwa. Dogo ana kompyuta iliyovuliwa kava, feni ya mezani kaielekezea humohumo ndani, na mafolda kayapa majina yake mwenyewe: ZA NGUMI, ZA KIKOREA, BONGO ZA KULIA, MAMA MKWE (hii ndo inatoka kuliko zote, sijui kwanini wavuvi wanaipenda hivyo). Ukienda mbalamwezi inapokaribia jiandae na foleni, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafati taa, watu wanabaki kambini na sola na simu zao, na mtandao huko mpaka upande mwamba.

Sasa kilichonikera. Safari iliyopita nikanunua na flash palepale, kufika kambini sizoni inaishia epsodi ya sita, zilizobaki hazifunguki kabisa na tulikuwa watu nane tunatazama simu moja. Niliporudi dogo hakubisha, akasema "samahani dada, hiyo ilikuwa mbovu", akaniwekea upya na muvi mbili za bure juu.

Tukiwa tunasubiri ikopi nikamuuliza mbona flash zimepanda, akasema kodi. Hajadanganya sana, VAT peke yake ni 18%, halafu siku hizi kuna tozo ya hakimiliki 1.5% kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa, hela inayotakiwa iwafikie wasanii. Yani mi nimeshamchangia msanii wa bongo muvi kwenye flash tupu, nikageuka nikampa dogo mia tano ambayo msanii huyohuyo haioni hata senti. Nikamwambia, akacheka tu.

Kibanda kaachiwa na kaka yake aliyekuwa anauza DVD. 2013 zikaja stempu za kodi za TRA (mamlaka ya mapato) kwenye kazi za muziki na filamu, ikawa ukaguzi ukija yeye anafunika meza na turubai maana zake za kuburn hazina stempu. Flash huna pa kuibandika stempu, ndo wakahamia huko. Na dogo mwenyewe aliwahi kutaka kufungua chaneli ya YouTube awe anasimulia muvi, akakutana na zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, leseni na ada zake kwa kuanzia zilikuwa zinagonga milioni 2.1. "Hiyo si hela ya mtumbwi dada?" Ada zilikuja kushushwa, ila zikamkuta keshazoea kukaa gizani na feni yake.

Nampa nyota nne. Angekuwa na folda hata moja ya bongo muvi za halali ningelipa buku kwa kila moja bila kuomba punguzo. Nenda asubuhi, na ufungue epsodi ya mwisho mbele yake kabla hujapanda boti.