Diski za mbele kwa Beetle ya zamani: seti ya bei nafuu ina nini, imekosa nini

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna seti ya kutoa dramu za breki za mbele kwenye Volkswagen Beetle na kuweka breki za diski. Hii ni ya daraja la chini kabisa kibei, boksi halina hata picha. Chuma chake kinafaa, na nitakionyesha. Kinacholeta taabu ni vitu vidogo vilivyo kwenye mifuko ya nailoni, na vile ambavyo havimo kabisa.

Kabla hujatoa pesa, lala chini ya gari. Beetle za kuanzia Agosti 1965 zina boljointi (viungo vya duara) mbele, za kabla ya hapo zina kingipini (pini zilizosimama), na zile 1302 na 1303 zina shokapu iliyosimama na springi yake. Hizo ni seti tatu tofauti, haziingiliani. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Volks nyingi zimeshabadilishwa miguu ya mbele zaidi ya mara moja. Amini macho yako.

Halafu hesabu matundu ya rimu. Kuna ya matundu matano kwenye duara la 205 mm, na ya matundu manne kwenye duara la 130 mm. Diski hizi zinakuja na habu yake (kitovu kinachobeba tairi), kwa hiyo ukinunua ya manne na nyuma ukabaki na matano, utahitaji stepni mbili. Bolti nazo zinatofautiana: zile za dramu za matundu matano ni M12, hizi za manne ni M14. Na kabla ya kufunga chochote moja kwa moja, pachika rimu ikiwa kavu, bila tairi, izungushe kwa mkono. Baadhi ya rimu za zamani zinagusa kalipa, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski. Ukikuta uwazi haufiki 3 mm, tafuta rimu nyingine. Usikwangue kalipa kwa tupa!

Sasa tusogeze kamera hapa kwenye habu. Hiki ni kikombe cha beringi, kimeshindiliwa tangu kiwandani. Chungulia kwa nyuma: kuna kijinafasi chembamba kati ya kikombe na bega la habu? Basi hakijakaa. Ukikifunga hivyo, kitajisogeza chenyewe baada ya kilomita chache, tairi litaanza kucheza, diski itazisukuma pedi nyuma, na pedali itashuka ghafla. Fundi atatoa upepo kwenye mafuta ya breki mara tatu bila mafanikio, kumbe hakuna upepo. Kigonge kwa kipande cha shaba mpaka mlio ubadilike, uwe wa chuma kigumu.

Mafuta yanayong'aa kwenye beringi mpya si grisi, ni kinga ya kutu tu. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha sindilia grisi ya beringi inayostahimili joto, maana diski inapeleka joto jingi kwenye habu. Nati ya upande wa kushoto ina thredi za kinyume, kwa hiyo usiilazimishe. Uchezaji unaotakiwa ni kati ya 0.03 na 0.12 mm. Huna geji ya saa (ya kupimia uchezaji mdogo hivyo)? Kaza nati huku unazungusha, kisha ilegeze kidogo kidogo mpaka ile washa (kijipete cha chuma) iliyo nyuma yake isogezeke kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya mkono tu. Ukilazimika kuitekua, bado umekaza mno. Seti hii pia imekuja na vifuniko viwili vya habu vilivyoziba, wakati upande wa waya wa spidi mita unahitaji kifuniko chenye tundu la mraba. Toboa la duara na waya utateleza. Tumia kifuniko chako cha zamani kama kinaingia.

Kalipa zina pistoni mbili, moja kila upande. Kosa linalojirudia ni kubadilishana kushoto na kulia, kwa sababu bolti zinakubali vyote viwili. Angalia nipo ya kutolea upepo: lazima iwe juu. Ikiwa chini, upepo unabaki juu ya pistoni na pedali itakuwa kama sponji maisha yake yote.

Na hapa ndipo pesa yako iende: masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Masta ya dramu inaweza kuwa na kivali kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba, ili sili za silinda za dramu zikae zimebana. Diski haina springi ya kurudisha pedi, kwa hiyo presha hiyo hiyo inazifanya pedi zisugue muda wote. Kwenye Beetle tanki la mafuta ya breki liko juu ya kalipa, kwa hiyo upande wa mbele hauhitaji kivali chochote. Kama gari lako bado lina masta ya saketi moja (njia moja ya mafuta kwa breki zote), nunua ya saketi mbili sasa hivi, kabla ya hata kuwaza rimu za kung'aa. Ukiwa na saketi mbili, bomba moja likipasuka utabaki na breki za mbele au za nyuma.

Ukiifunga, acha uwazi wa kama 1 mm kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta. Bila uwazi huo, katundu ka kurudishia mafuta kanabaki kameziba. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na gari linajikaba lenyewe barabarani. Likitokea hilo, legeza nati ya bomba kwenye masta. Tairi likiachia, tatizo ni masta au fimbo. Lisipoachia, legeza nipo ya kalipa: likiachia hapo, bomba la mpira la breki limeziba kwa ndani.

Mabomba: nati za Volks ni M10x1, na za Toyota nyingi ni hivyo hivyo, ndiyo maana mafundi wanaazimana. Lakini ncha ya bomba la Toyota imekunjwa mara mbili kama tarumbeta, ya Volks imevimba kama kitunguu. Nati inaingia vizuri, unakaza, na bado linavuja. Mwambie fundi akate ncha na aitengeneze upya kwa kifaa sahihi.

Tumia DOT 4 ya chupa ambayo haijafunguliwa. Kwa gari la usukani wa kulia, toa upepo kwa mpangilio huu: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Pedali ikibaki chini na mafuta hayana tena upepo, nenda kwenye dramu za nyuma. Kila tairi lina vinyota viwili vya kurekebishia: kaza kimoja mpaka tairi ligome, rudisha mpaka lizunguke huru, kisha kingine.

Tegemea pedali ngumu kidogo kuliko ya dramu. Viatu vya dramu vinajivuta vyenyewe kwenye mzunguko, pedi hazifanyi hivyo. Kwa gari la kama kilo 800, mguu unatosha, huhitaji busta (kisaidizi cha kukanyaga breki).

Seti ya diski za nyuma? Iache dukani. Uzito ukihamia mbele wakati wa kufunga breki, nyuma hakuna kazi kubwa, na breki ya mkono ya dramu inashika vizuri kuliko ile ya seti za bei hii.

Siku ya kwanza shuka kutoka 60 hadi 10 km/h mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi breki zipoe. Kisha egesha na usogeze kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa ekseli hiyo hiyo, rudi kwenye breki hiyo kabla hujaingia barabara kuu.